Nusu Bei, Nusu Sauti

Tarehe 3 Machi

Kwa mpwa wangu mfunga vitabu,

Pokea salamu chache. Nyingine nimezizuia mpaka unieleze ni kitu gani ulichonitia mkononi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu siku hizi hazifai. Mtu anapiga, unaweka sikioni, unamkuta ananong'ona kama mwizi aliyejificha kabatini. Nimebadilisha simu, nimebadilisha na laini, wote bado wananong'ona. Basi tuandikiane kama watu wazima. Barua hainong'oni.

Sasa tuingie kwenye shauri lenyewe. Ulipokuja kututembelea ni wewe uliyenionyesha lile tangazo. Ulisema: Mjomba, kuna kidude kinachovuta muziki kutoka hewani, hakihitaji waya wa antena wala kanda, unakichomeka nyuma ya ile redio yako kubwa na nyimbo zote za dunia zinakuja zenyewe, na kimeshushwa nusu bei kwa sababu kilikaa dirishani kama onyesho. Wahi, Mjomba. Nikawahi. Mimi kuchelewa sijui. Hata shule niliiacha mapema, darasa la sita, baada ya mwalimu kuanza kuniuliza mimi maswali badala ya mimi kumuuliza yeye.

Dukani pale bei zimebandikwa, watu wanalipa kilichoandikwa na kusema asante. Mimi nilianza kupatana bei na muuzaji walipofungua milango, na tulipomaliza alikuwa amevua tai, amekaa juu ya kasha la friji, anajifuta jasho kwa risiti ya mtu mwingine. Bei hakushusha, hilo nakubali. Lakini alinipa mfuko, na mpaka leo hakuna mteja mwingine aliyetoka pale na mfuko.

Kitu chenyewe kidogo, kama sabuni ya kuogea iliyokwisha kutumika wiki nzima. Cheusi, kina jicho la bluu. Nimekiunga mwenyewe, waya mwekundu kwenye tundu jekundu na mweupe kwenye tundu jeupe, bila kufungua kile kijitabu.

Sababu ya kukinunua unaijua nusu. Nusu nyingine ni hii: mkaza mjomba wako amenuna. Tangu mvua zilipoanza nyumba yangu imekuwa kama chumba cha mtihani. Mwanamke aliyekuwa akiimba tangu anapowasha jiko mpaka anapofunga mlango, sasa midomo inacheza tu, sauti haitoki. Ukimuuliza kosa lako ni lipi, ananong'ona, makusudi, ili usogee ujipendekeze. Mimi sijipendekezi. Hata ndege wa kwenye ule mti wa uani wamehama, asubuhi ni kimya. Nikasema basi, nitamletea zile nyimbo za wakati nikimchumbia, zitoke kwenye spika zangu mbili ndefu, roho yake inyooke kama mlango wa gari uliobonyea nilioupitia mimi kwa nyundo. Akiimba tena, yamekwisha. Asipoimba, sijui, maana ameanza kumtaja dada yake kila mara, na mwanamke akianza kumtaja dada yake ujue anahesabu mabegi.

Nikawasha. Mpwa wangu, ninachosikia ni mtu anaimba ndani ya pipa lililofunikwa, nyumba ya tatu kutoka hapa. Ngoma iko kwa mbali. Mwimbaji kameza maneno yote. Nimezungusha kitufe cha sauti mpaka kikagota, hakuna kitu. Wamekata bei, na sauti nayo wakaikata. Mkaza mjomba wako alitoka jikoni mikono kichwani, akapita moja kwa moja mpaka uani. Hata yeye ameona aibu ya mali hii.

Wewe ndiye uliyenipeleka. Nijibu haraka.

Mjomba wako,
Fundi Nyundo


Tarehe 9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mimi sina hisa kwenye lile duka, na sikukuuzia chochote. Nilikuonyesha tangazo kwa sababu uliniomba nikutafutie kitu cha kumfurahisha mkaza mjomba. Sasa naona nimekuwa mshitakiwa.

Kabla hujaendelea kunitukana, angalia mambo haya. Kwenye simu yako, ile programu ya kidude ina sauti yake ya pembeni, ipandishe. Nyuma ya amplifaya ya redio yako, hakikisha hukuchomeka kwenye matundu ya santuri, maana yale si ya kazi hii. Kisha zima kidude kabisa, weka kanda ya zamani, usikilize. Kanda ikitoa sauti nzuri, kosa ni la kidude na nitakwenda nawe dukani mimi mwenyewe nikipata likizo. Kanda nayo ikiwa chini, basi kidude hakina hatia.

Jambo la pili, la simu. Nimekupigia kila Jumapili. Unapokea, unasema haloo, haloo, unautukana mtandao, unakata. Mjomba, mara ya mwisho nilikupigia nikiwa kazini wakati wa mapumziko, na nilisema kwa sauti kubwa mpaka mafundi wa mashine ya kuchapa waligeuka kunitazama. Mimi sinong'oni. Tangu lini nimenong'ona? Ukoo mzima unanilaumu kwa mdomo wangu.

Msalimie mkaza mjomba. Kwa nini anamtaja dada yake?

Mpwa wako,
mwenye gundi mikononi


Tarehe 17 Machi

Mpwa,

Usinifundishe matundu. Mikono hii imenyoosha basi lililolaliwa na lori, likaja kwangu bapa kama bahasha, na likaondoka likipiga honi. Nyaya mbili zitanishinda mimi?

Nimefanya majaribio yako. Kanda nayo sasa iko chini. Umeona? Kidude kimeiambukiza redio. Redio ile ilikuwa ikilia mpaka vikombe vinatembea kabatini vyenyewe, na leo baada ya majuma mawili ya kukaa na jirani mbovu imekuwa kama yeye. Kimeinyonya. Muuzaji atalipa vyote viwili.

Kwa hiyo nilivipakia kwenye mkokoteni, kidude, amplifaya na spika moja, nikavisukuma mpaka dukani, mlima wote ule, na njiani nimeyapita magari. Nikamwambia muuzaji unga hapa mbele ya watu wako, wasikie mali unayouza. Akaunga. Akawasha. Nikamwambia ongeza, akaongeza. Ongeza, akaongeza. Sauti bado ya pipa. Sasa angalia ujanja wa watu wale. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akatoka nje anakimbia. Wawili wakaziba masikio. Mlinzi akaja kutoka getini na kirungu. Wote wanaigiza, wamepangwa. Muuzaji anafungua mdomo na kufumba kama samaki, mimi namwambia sema kama mwanaume. Akachukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: KIFAA NI KIZIMA. Ananiandikia mimi, kama anamwandikia mtoto wa chekechea. Nilimrushia karatasi yake. Na mfuko wake nikamrudishia.

Siku hiyo ilikuwa ya mikosi tangu asubuhi. Gereji yetu kuna mteja mmoja, dereva asiye na adabu, alirudisha gari nyuma bila honi. Mwenzangu, yule mpaka rangi wa magari, akanirukia, akanivuta shati kwa nyuma, likachanika kuanzia ukosi mpaka kiunoni. Shati jipya. Nikamuuliza una wazimu? Anasema dereva alipiga honi mara nne. Gereji nzima ikamuunga mkono. Nimegombana nao wote na nimenunia kazi siku mbili.

Na yule fundi viatu wa mlango wa pili naye amekuja kulalamika kwamba watoto wake hawalali mchana kwa ajili ya muziki wangu. Muziki gani? Anadai alibisha hodi mpaka kiganja kikauma. Wivu. Hodi ya mlango wangu naisikia nikiwa usingizini, na naijua ya nani kabla sijaamka.

Mkaza mjomba wako bado amenuna. Namwekea zile nyimbo kila jioni, anaingia chumba cha nyuma anafunga mlango. Haimbi. Zinatoka kilema, atazitambuaje?

Tafuta njia nirudishiwe haki yangu.

Mjomba wako,
Fundi Nyundo


Tarehe 20 Machi

Mwanangu,

Mimi si mwandishi wa barua, lakini mjomba wako anakuandikia kila siku na najua hanisemi vizuri. Basi nisikilize na mimi.

Nimechoka. Lile dude ulilomtafutia linalia nyumbani kwangu mpaka sahani zinaanguka rafuni. Nimepoteza bilauri tatu. Jirani tumekosana nao. Lakini hayo ningeyavumilia, mimi nimeolewa na mpiga nyundo, kelele si ngeni kwangu. Kinachonimaliza ni dharau.

Mjomba wako hanijibu. Namuuliza utakula nini, kimya. Namwambia dada yangu amelazwa, kimya, anaendelea kukata kucha. Baada ya siku mbili anakuja juu, kwa nini sikumwambia kwamba shemeji yake anaumwa. Nikisema kwa upole hasikii, nikipaza sauti ananiuliza kwa nini namfokea mbele za watu. Nikiwa na shoga zangu tunacheka, anadhani tunamcheka yeye. Nilikuwa naimba nikipika. Siku moja katikati ya mvua niliimba wimbo wake mwenyewe, ule anaoupenda, nikiwa hatua chache nyuma yake, akainuka akaenda zake. Hakunitupia hata jicho. Nikanyamaza toka siku ile. Sitamwimbia mtu asiyenitaka.

Mume wangu alikuwa mwongo tangu ujana, wewe unajua, uongo wake wa mabasi na mito. Nilimpenda na uongo wake. Alikuwa ananidanganya huku ananiangalia.

Jana nilisimama mlango wa jikoni. Alikuwa amenipa mgongo, anakifuta vumbi kile kidude chake. Nikamwambia: "Naondoka. Naenda kwa dada yangu. Ukitaka nibaki, geuka tu."

Hakugeuka. Nikarudia, neno kwa neno. Akaanza kupiga mluzi.

Sikio la kufa halisikii dawa. Nakuandikia nikiwa hapa kwa dada yangu, na usimwambie kwamba nimelia.

Mkaza mjomba wako


Tarehe 21 Machi

Mpwa,

Umefurahi sasa? Mke wangu ameondoka. Bila kuaga. Bila neno. Nimegeuka nimekuta jikoni hakuna mtu, sufuria iko motoni inaungua, na begi la kijani halipo juu ya kabati.

Mwanamke niliyemtoa kwao kwa mwendo wa siku mbili, mto ukiwa umejaa, nikambeba yeye na sanduku lake na cherehani ya mama yake, vyote mara moja, maji yakinifika kidevuni, na nilikuwa nikimsimulia hadithi njiani ili asiogope. Leo anatoka kwangu kama mpangaji anayekwepa kodi. Hata kwaheri hakunipa. Mtu unaaga hata kituo cha basi.

Huu ni ubaya wa vitu vya bei ya kutupwa. Kitu kikitupwa kina sababu ya kutupwa. Ungeninunulia kipya kisicho na kasoro, angesikia nyimbo zake, angecheka, yangekwisha. Wewe na punguzo lako mmenivunjia nyumba.

Nyundo ya kilo mbili iko mezani karibu na kidude. Bado naamua nianze na kidude au nianze na redio.

Mjomba


Tarehe 27 Machi

Mjomba,

Weka nyundo chini. Kisha kaa, kwa sababu nakuandikia nikiwa na hasira na sitazipunguza.

Mkaza mjomba aliaga. Aliaga mara mbili. Alisimama mlango wa jikoni, nyuma yako, akasema anaondoka, na akasema ukitaka abaki ugeuke tu. Ukapiga mluzi.

Amesubiri ugeuke tangu mvua zilipoanza. Anadhani umemchoka. Wewe unadhani amenuna. Hakuna aliyemchoka mwenzake wala aliyenuna, Mjomba. Husikii.

Hapa kiwandani tunaye mzee wa mashine ya kukata karatasi. Amekaa na mashine ile tangu mimi sijazaliwa. Tukimtaka hatumwiti, tunamgusa bega. Na yeye alianza kama wewe: alisema simu zimeharibika, kisha akasema vijana siku hizi wanaongea na meno yamefungwa, kisha akagombana na mkwewe. Hakuna aliyemwambia kwa sababu wote waliogopa mdomo wake. Wako mimi siuogopi.

Simu hazinong'oni. Mteja alipiga honi, na mpaka rangi alikuokoa roho, wewe ukamdai shati. Muuzaji alikuandikia kwenye karatasi kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kukuelewa. Redio haikuambukizwa kitu. Na ndege hawajahama, Mjomba. Wapo kwenye mti uleule, wanaimba kila asubuhi.

Ni masikio yako. Miaka yote unapiga bati ndani ya banda la bati, na wenzio wakiziba masikio unawauliza kama wanaogopa mvua. Kidude cha nusu bei hakina kosa hata moja.

Kama huniamini, fanya jaribio. Washa muziki, weka kiganja juu ya spika. Kisha uniambie kama ni spika iliyo bubu.

Nenda ukapimwe. Kisha nenda kwa dada yake, usimame mbele yake, si kumpa mgongo.

Mpwa wako


Tarehe 2 Aprili

Wewe,

Hata jina la mpwa nakunyima kwenye barua hii.

Sikio halipiti kichwa. Mimi ndimi kichwa cha ukoo huu tangu baba yako aende zake, nimekulea na mdomo wako huo, na leo unaniandikia kwamba mimi ni kiziwi. Kiziwi ni mtu aliyekaa kizingitini anaitikia kwa kichwa kila analoambiwa. Mimi ni fundi. Gari likiingia getini, kabla halijazimwa, mimi nimeshakuambia bawaba gani imelegea. Niliwahi kuwa chini ya lori, mteja akaangusha sarafu juu ya mchanga, upande wa pili wa ukuta, na nikamwambia ni sarafu ya aina gani na imelala upande upi. Muulize mpaka rangi. Usimuulize, nimegombana naye.

Eti ndege wapo. Asubuhi nilitoka kuwaangalia. Walikuwepo, ndiyo, wanane au tisa, midomo wazi. Hawakuwa wakiimba. Walikuwa wakipiga miayo.

Na nimefanya jaribio langu mwenyewe, si lako la viganja. Nimeangusha spana kubwa sakafuni ili nikuonyeshe. Nimeiona ikianguka. Nimeiona ikidunda. Sakafu za siku hizi wanachanganya mchanga mwingi, saruji laini, haitoi mlio.

Eti mtu aliyenielewa ni muuzaji. Muuzaji.

Kama aliaga, angekuja mbele. Mimi sina macho kisogoni. Mtu mwenye la kusema huja mbele ya mwenzake akasema. Kwa nini alisemea mgongo wangu? Mgongo unajua nini?

Usiniandikie tena. Ukiandika nitarudisha barua bila kuifungua. Nimefunga.

Fundi Nyundo


Tarehe 4 Aprili

Mkaza mjomba,

Shikamoo. Ulichokiona wewe kuwa dharau, mimi nadhani ni masikio. Nimemwambia na amenifukuza kwenye ukoo. Amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona, na kwa hilo naona ameanza kuogopa.

Akija hapo, usimjibu ukiwa umegeukia jiko. Mwangalie. Ngoja akuangalie na yeye, ndipo useme. Uone kama atakuwa ni mtu yuleyule.

Asipokuja, basi nitakuwa nimekosea, na mabegi yako nitakuja kuyabeba mimi mwenyewe.

Mpwa wenu


Tarehe 28 Aprili

Kwa mpwa wangu mfunga vitabu,

Hasira zangu bado ziko palepale, usifikiri barua hii ni ya kuomba msamaha. Nakuandikia kukueleza nani nimemkasirikia, maana wamebadilika.

Kwanza hospitali. Nilikwenda kwa ajili ya kukuaibisha. Nilitaka cheti chenye muhuri, nikutumie ndani ya bahasha, ukibandike ukutani kiwandani kwenu. Wakaniingiza kwenye kichumba kama kabati, wakanivalisha vitu kichwani kama rubani, daktari mwenyewe mtoto, ndevu bado zinaomba ruhusa. Akaniandikia: ukisikia mlio, bonyeza. Nikabonyeza. Nilibonyeza mara nyingi kuliko mtu yeyote aliyewahi kuingia kabati lile, na kwa haraka zaidi. Tulipotoka akanionyesha mchoro, mstari unaanza juu unaporomoka kama barabara ya kwenda mtoni. Akaandika kwamba nilibonyeza zaidi pale ambapo hapakuwa na mlio wowote. Mashine yao nayo nadhani waliinunua kwa punguzo.

Nikamuuliza, ile iliyoporomoka, inarudi? Akatikisa kichwa. Hilo halikuhitaji kuandikwa. Kuna vidude vya kuvaa sikioni, ameniandikia, nitakwenda kupimwa saizi mwezi ujao. Vitanisaidia kidogo. Vipya, si vya dirishani.

Pili, mpaka rangi. Nimemkasirikia kwa sababu hakuniambia mapema. Anasema aliniambia. Wote wanasema waliniambia, mpwa wangu, inaonekana nimeambiwa mambo mengi sana mwaka huu. Lile shati nimelishona, nalivaa kazini, na nimemwambia akiona gari linarudi nyuma avute tu, ukosi wenyewe sasa una uzi wa mara mbili.

Tatu, mkaza mjomba wako. Nilikwenda kwa dada yake siku ile ile nilipotoka hospitali. Sikujua kama hodi yangu imejibiwa, kwa hiyo nilisimama nje nikiendelea kubisha huku mlango umeshafunguliwa, nikampiga shemeji yangu ngumi ya bega. Mke wangu alikuwa nyuma yake. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu, ya mto na cherehani, nikaisahau yote. Nikamwambia: "Sema ukiniangalia."

Aliniangalia kwa muda mrefu, kama anayesoma bei. Halafu akasema, polepole, na niliuona mdomo wake ukilitengeneza kila neno: "Nilikuaga."

Nikamwambia ndiyo. Sina la kuongeza juu ya hilo, na wewe usilisimulie kwa watu.

Alirudi juzi. Kabla ya kuvua viatu alikwenda kwenye redio, akawasha kidude, akashika kitufe cha sauti, akakirudisha chini, chini, mpaka pale anapopenda yeye. Akanituma kopo la rangi nyekundu ya magari, akatia tone dogo pale pale. Akaniambia, kwa kuniangalia: usivuke hapo. Fundi viatu alikuja na maembe kushukuru.

Pale kwenye tone jekundu mimi sisikii kitu. Nakuambia wewe, sijamwambia yeyote. Jicho la bluu linawaka, mimi nimekaa kama mtu anayesubiri basi. Niliketi hivyo jioni nzima, nikamkasirikia kila mtu niliyewahi kumnyooshea gari.

Kisha nikakumbuka kile kijaribio chako cha viganja, ambacho nilikuwa nimekidharau. Unajua mlango wa gari uliobonyea tunautafutaje? Si kwa jicho. Jicho linadanganywa na rangi. Unafumba macho, unalaza kiganja, unakipitisha polepole, na bati linakuambia lenyewe hapa nimepigwa. Nikalaza kiganja juu ya spika. Ngoma ilikuwepo yote. Haikuwa ndani ya pipa wala nyumba ya tatu, ilikuwa hapa, inanigonga mkononi kama mtu anayebisha. Na katikati yake kulikuwa na kitu kingine, chembamba, kinaingia na kutoka. Nikakitafuta jinsi ninavyotafuta kibonyeo. Ni pale mwimbaji anapovuta pumzi. Hakuna mtu mwingine duniani anayekisikia kile, hata wewe na masikio yako mazima.

Nikageuka kumwambia, kiganja bado kiko juu ya spika. Mkaza mjomba wako alikuwa mlango wa jikoni, mwiko mkononi, midomo inacheza. Ni wimbo ule ule. Midomo yake ilikwenda sawasawa na mapigo ya kiganjani mwangu, haikupishana hata kidogo.

Safari hii sikusema amenuna. Nilimwangalia mpaka mwisho.

Ukipata likizo uje. Usipige simu, andika. Na ukipita karibu na lile duka, jambo moja nakuomba kama mjomba wako. Kidude ni kizima. Usimwambie muuzaji.

Mjomba wako,
Fundi Nyundo